Nani Asikie? Tiba ya Mazungumzo kutoka Blida na Dakar hadi Kivu

Tiba ya mazungumzo ilipewa jina lake na mgonjwa, si na daktari, tena kwa lugha ambayo haikuwa ya mgonjwa huyo. Kati ya mwaka 1880 na 1882, mjini Vienna, daktari Josef Breuer alimtibu msichana ambaye vitabu vilimwita Anna O., na ambaye baadaye ilijulikana kuwa ndiye Bertha Pappenheim. Katika ugonjwa wake msichana huyo alipotewa na Kijerumani, lugha aliyokulia, akabaki na Kiingereza. Na ni kwa Kiingereza alipoita masimulizi yake ya kila jioni mbele ya daktari «tiba ya kusema». Breuer na Sigmund Freud walizitangaza habari hizo mwaka 1895. Wanaoisimulia historia hii hupenda kueleza yaliyosemwa, na mara chache hutaja lugha ambamo yalisemwa. Lakini swali lilikuwapo tangu siku ya kwanza: mtu anayeumwa moyoni aseme kwa lugha gani, na nani asikie?

Vienna ilitoa jibu la swali la pili, na jibu hilo likasambaa ulimwenguni kana kwamba ni sheria ya maumbile. Asikie mtu mmoja tu, asiye ndugu, ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa, kwa saa iliyopangwa na kwa malipo. Na alichosikia asimwambie mtu. Hizo zilikuwa desturi za watu wa mjini wenye nafasi, waliozoea kuwa na vyumba vyao wenyewe na siri zao wenyewe. Chumba hicho nacho kina kabila lake.

Katika Afrika ya kikoloni swali halikuulizwa kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba Mwafrika anayeumwa akili ana la kusema. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi tangu 1938 hadi 1950, aliandika mwaka 1951 kwamba Mwafrika hutumia sehemu ya mbele ya ubongo wake kwa uhaba, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikatoa maandishi yake juu ya nafsi ya Mau Mau. Alishikilia kwamba huzuni nzito, ile inayoitwa sonona siku hizi, ni nadra kwa Waafrika, kwa vile hawajilaumu nafsi zao. Huko Algiers, Antoine Porot na wanafunzi wake walikuwa wakifundisha mambo ya namna hiyo juu ya Mwislamu wa Afrika ya Kaskazini. Mantiki yake ilikuwa rahisi mno: asiye na undani hana haja ya kusikilizwa. Kwamba waliofikishwa Mathari walikuwa zaidi wale walioletwa kwa nguvu za dola, na kwamba mwenye huzuni ya kimya alibaki kijijini bila kumsumbua polisi yeyote, hilo halikutiwa maanani ipasavyo katika hesabu.

Ni katika Algeria hiyo hiyo ya Porot ambako mambo yalianza kugeuka, na yaligeuka kwa njia ya kushindwa. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alifika katika hospitali ya Blida-Joinville mwishoni mwa 1953. Alikuwa ametoka Saint-Alban, kusini mwa Ufaransa, alikojifunza kwa François Tosquelles, mkimbizi wa Kikatalani aliyeamini kwamba mgonjwa hatibiki ikiwa hospitali yenyewe haikutibiwa. Blida alikabidhiwa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Akaanzisha kwa wote yale aliyoyaona Saint-Alban: mikutano ya wagonjwa, sherehe, sinema, gazeti dogo, kazi za mikono. Kwa wanawake wa Kizungu matokeo yalionekana upesi. Kwa wanaume Waislamu hayakuonekana kabisa. Mikutano ikawa ya wauguzi kusema na wagonjwa kunyamaza.

Mwaka 1954 Fanon na msaidizi wake, Jacques Azoulay, walitoa makala juu ya jambo hilo. Makala hiyo ni ya pekee katika maandishi ya wakati wake, kwa sababu madaktari wawili hawakumlaumu mgonjwa kwa ukimya wake; waliichunguza tiba yao. Walitambua kwamba kusuka ni kazi ambayo wanaume wale waliihesabu kuwa ya kike. Walitambua kwamba kusimama mbele ya watu na kuigiza au kuimba si jambo la mwanamume mwenye heshima, na kwamba gazeti halina maana kwa watu ambao wengi wao hawakufundishwa kusoma. Sherehe iliyobuniwa na ofisi ya hospitali, isiyo na sala wala jamaa wala sababu, haikuwa sherehe. Zaidi ya yote walitambua kwamba bila kukusudia walikuwa wamefuata siasa ya serikali ya kikoloni: kuichukua jamii ya Kifaransa kuwa kipimo, na kumtaka Mwalgeria ajipime kwayo.

Sehemu ya makala yao inayowahusu zaidi watu wa lugha ni ile ya mkalimani. Madaktari hao wawili hawakuwa na Kiarabu cha kutosha kuzungumza na mgonjwa peke yao, na wasikizi wao walisema Kiarabu au Kikabyle. Basi mkalimani akakaa katikati. Lakini Mwalgeria wa wakati huo alikuwa amemjua mkalimani zamani, tangu mahakamani na katika ofisi za utawala. Kusema kupitia kinywa cha mtu huyo kulikuwa ni kuhojiwa. Mgonjwa alifupisha maneno yake kama mshitakiwa anavyofupisha, na mkalimani naye akayafupisha tena. Daktari akapokea mabaki, kisha akaandika katika daftari kwamba mgonjwa ana fikra chache. Ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya namna ambavyo «akili ya Mwafrika» ilivyotengenezwa.

Dawa ilikuwa nyepesi kuitaja. Wodi ya wanaume ikapata mkahawa wa kienyeji, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, akaalikwa msimulizi wa hadithi, na wanaume wakaanza kuhudhuria. Mwaka 1956 Fanon, pamoja na Charles Geronimi, akaonyesha jambo la aina hiyo kwa kipimo cha picha kilichobuniwa Marekani, ambacho humtaka mgonjwa atunge hadithi juu ya kila picha aonyeshwayo. Wanawake Waislamu waliopewa picha hizo walitaja vipande vipande tu, wala hawakutunga. Waandishi hao walikataa kusema kwamba wanawake hao hawana uwezo wa kubuni. Picha zenyewe zilitoka katika nyumba, mavazi na mikao isiyokuwa yao. Mwishoni mwa mwaka huo Fanon alijiuzulu, na Januari 1957 akafukuzwa nchini. Kazi ya Blida ilibadilisha mazingira ya mgonjwa. Mazungumzo yenyewe, yaani nani aseme na nani asikie, yalibadilishwa mahali pengine.

Mahali hapo ni hospitali ya Fann, Dakar. Henri Collomb, daktari wa jeshi la Ufaransa, alifika huko mwaka 1958 akakaa miaka 20. Alizungukwa na watu wa elimu mbalimbali: Moussa Diop, daktari wa Kisenegali wa magonjwa ya akili, aliyefariki mwaka 1967 kabla ya matunda mengi kuiva, András Zempléni, mwanaethnolojia aliyechunguza tiba za Wawolof na Walebu, na wachambuzi wa nafsi Marie-Cécile na Edmond Ortigues, ambao kitabu chao juu ya Oedipus wa Kiafrika kilitoka mwaka 1966. Mwaka 1965 kundi hilo likaanzisha jarida, Psychopathologie africaine. Huenda hakuna hospitali nyingine katika bara zima ambayo kazi yake ya kila siku imeandikwa kwa wingi kiasi hicho.

Jambo la kwanza lililobadilishwa ni duara la wasikizi. Neno la Kiwolof penc ni mahali pa kijiji pa kukutania, mara nyingi chini ya mti mkubwa. Mswahili angesema baraza. Fann iliita hivyo mikutano ambamo wagonjwa, jamaa zao, wauguzi na madaktari walikaa pamoja, na kila mmoja akawa na haki ya kusema. Jambo la pili ni mlezi: katika miaka ya 1970 ikawa kanuni kwamba mgonjwa aje na ndugu yake mmoja, walale pamoja hospitalini, wale pamoja, na ndugu huyo ahudhurie mengi ya yale yanayosemwa. Wanaoijua hospitali ya Kongo hawatashangaa, maana kwetu mgonjwa asiyekuja na mtu wa kumpikia atakaa na njaa. Lakini kilichokuwa shida ya umaskini mahali pengine, Fann ilikigeuza kuwa njia ya tiba. Mgonjwa hakupotea wodini kwa miaka akasahauliwa na ukoo, na ndugu alipata kuona kwa macho yake kwamba yule aliyedhaniwa kuwa mwenda wazimu anaweza kujibu, kucheka na kuomba chumvi.

Jambo la tatu lilikuwa gumu zaidi, nalo ndilo lililowashughulisha akina Ortigues. Mgonjwa wa Dakar hakuja na maneno ya Vienna. Alisema kwamba amejiwa na rab, yaani pepo wa ukoo anayedai heshima yake; au kwamba amefanyiwa kazi na mtu mwenye wivu aliyekwenda kwa mganga. Hakujilaumu: uovu ulitoka nje. Carothers angeona hapo ushahidi wa akili isiyo na undani. Akina Ortigues waliona usemi, nao kila usemi una pa kushikia. Aliyetajwa kuwa adui alikuwa na nafasi katika ukoo. Mara nyingi alikuwa mtu wa rika la mgonjwa, kama ndugu wa kushindana naye, huku baba na babu wakibaki juu mno kiasi cha kutoshindanika. Basi daktari hakubishana juu ya kuwapo kwa rab, wala hakujifanya mganga wa rab. Alibaki katika kiti chake akafuata usemi wa mgonjwa mpaka unakokwenda. Huo ni msimamo mgumu kuliko unavyoonekana, maana pande zote mbili za mteremko zinavuta: huku dharau ya msomi, kule maigizo ya mgeni aliyevaa hirizi.

Mfano mmoja watosha. Mwaka 1965 Zempléni na Jacqueline Rabain waliandika juu ya mtoto ambaye Wawolof humwita nit ku bon: mpole kupita kiasi, mwenye kujitenga, asiyependa kutazamwa, ambaye watu hudhani ni pepo au mzee aliyerudi na anayeweza kuondoka tena wakati wowote, yaani kufa. Watu wa nyumbani humchukulia kwa tahadhari kubwa wala hawalitangazi jambo hilo ovyo. Daktari asiyejua hayo humwona mama anayekwepa maswali, na kuandika kwamba hamjali mwanawe. Ajuaye hutambua kwamba kukwepa huko ndiko kumjali kwenyewe, na kwamba swali lake la moja kwa moja laweza kusikika masikioni mwa mama kama tishio juu ya uhai wa mtoto.

Collomb aliondoka Dakar mwaka 1978, akafariki mwaka uliofuata. Sifa za Fann zilikwisha kuenea, pamoja na zile za Aro, karibu na Abeokuta huko Nigeria, ambako tangu 1954 Thomas Adeoye Lambo alikuwa akiwaweka wagonjwa pamoja na ndugu zao katika vijiji vya jirani na hospitali. Katika nchi yetu John Janzen, aliyefanya uchunguzi kwa Wakongo wa Manianga mwaka 1969 na kuutolea kitabu mwaka 1978, alitoa maelezo yaliyoikamilisha picha: mgonjwa huzungukwa na kundi la jamaa, na kundi hilo ndilo linaloamua apelekwe wapi, kwa nganga au kwa zahanati, na lini aondolewe. Kwa mtazamo huo, daktari anayezungumza na mgonjwa peke yake anazungumza na mtu asiye na mamlaka ya kukata shauri.

Basi ikawa kama kanuni: tiba ya Mzungu ni ya mtu mmoja, tiba ya Mwafrika ni ya jamaa. Hapo ndipo msomaji apaswa kusita. Mke aliyeletwa hospitalini na mawifi zake angesema nini, mbele yao, juu ya nyumba ya mumewe? Kijana anayeshuku kwamba ami yake ndiye anayemla angeanzia wapi, ikiwa ami huyo ndiye anayelala kitanda cha pili? Baraza ni zuri kwa mwenye neno linaloweza kusemwa barazani. Huko Ufaransa ubishi wa namna hiyo ulizuka kwa ukali. Tobie Nathan, aliyeanza mashauriano yake katika hospitali ya Avicenne, Bobigny, mwaka 1979, na kufungua kituo chake Chuo Kikuu cha Paris VIII mwaka 1993, aliwapokea wahamiaji, wakiwamo wengi wa kutoka Afrika, katikati ya kundi la matabibu na wakalimani. Kituo hicho kilifanya jambo moja la kupongezwa na kila mwanaisimu: neno la mgonjwa halikutafsiriwa harakaharaka kisha likaachwa, bali lilijadiliwa waziwazi mbele ya mwenyewe. Sybille de Pury aliyatolea kitabu mambo hayo mwaka 1998. Lakini Didier Fassin na wengine walishitaki kwamba mhamiaji alifungiwa ndani ya utamaduni wake, na kwamba shida za hati, nyumba na kazi zilitafsiriwa kuwa shida za mizimu. Shitaka hilo lilikuwa na uzito. Kumtambua mtu kwa mila zake na kumfunga katika mila zake ni mambo mawili yanayofanywa kwa maneno yale yale.

Jaribio lililokuja kuiweka kanuni hiyo matatani halikutoka Paris. Lilitoka Kivu. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walitangaza matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji 15 vya mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliotendewa ukatili wa kingono. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipewa tiba iliyobuniwa Marekani, ambayo humfundisha mtu kuyakagua mawazo yake juu ya jambo lililompata. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, 9 kwa mia ya wale wa kwanza walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, na 42 kwa mia ya wale wa pili. Tarakimu hizo ni nzuri. Hata hivyo hazisemi ni kipi hasa kilichotibu, kwa kuwa vijiji vya kwanza vilipata mambo mawili kwa pamoja: tiba ile na lile kundi.

Kwa historia hii, mabadiliko waliyoyafanya yana maana kuliko tarakimu. Tiba hiyo kwa asili ni ya kalamu. Mgonjwa hupewa karatasi za kujaza nyumbani. Wengi wa wanawake hawa hawakujua kusoma, basi yaliyokuwa ya kuandikwa yakafanywa ya kukaririwa, na michoro ya vitabu ikageuzwa kuwa maneno ya kushikwa kichwani. Walioongoza hawakuwa madaktari, bali wasaidizi wanawake wa huko huko waliosoma angalau miaka 4 baada ya shule ya msingi. Baada ya kikao kimoja cha faragha, vikao vingine 11 vilikuwa vya kundi. Na kundi hilo halikuwa jamaa. Lilikuwa la wanawake waliopatwa na jambo moja. Mume hakuwamo, wala mama mkwe. Nani asiyejua kwamba katika vita vile wanawake wengi waliumizwa mara mbili, kwanza na wenye silaha, kisha na nyumba zilizowafukuza? Kumleta ndugu kikaoni kwa jina la mila za Kiafrika kungekuwa, kwa baadhi yao, kumleta hakimu. Isitoshe, ilichaguliwa namna ya tiba hiyo isiyomdai mgonjwa asimulie tukio lenyewe. Mwanamke aliweza kufika mwisho wa vikao bila wenzake kulisikia. Vienna ilitaka yote yasemwe kwa mtu mmoja; Dakar ilitaka jamaa wawepo; Kivu ilikusanya watu ili jambo moja lisilazimike kusemwa.

Linabaki suala la maneno. Vipimo vya Kivu vilitayarishwa kwa lugha 5: Kibembe, Kifuliro, Kihavu, Kimashi na Kiswahili. Jirani zetu walikwisha kulikuta tatizo hilo. Kusini mwa Uganda, kabla ya jaribio la mwaka 2003, watafiti waliacha jina la kitabibu wakatumia maneno ya Kiganda ya kujichukia na kujihurumia; na kati ya mada nne za tiba waliyoileta, ile ya upweke waliiondoa, kwa kuwa haikulingana na maisha ya vijiji vile. Huko Harare, mpango wa mabenchi ulioanzishwa mwaka 2006 na Dixon Chibanda, ambamo mabibi wa mtaa huwasikiliza wagonjwa, ulishika neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi.

Kiswahili kina mitego yake. Kenya na Tanzania huiita kazi hii «ushauri nasaha», maneno mawili yenye kumaanisha kumpa mtu la kufanya, ilhali tiba nyingi za mazungumzo humkataza tabibu kufanya hivyo. Aliyekuja kupata shauri akarudi na swali ana haki ya kudhani ameibiwa. Na tiba ya Kivu inasimama juu ya neno ambalo kwetu tayari ni jina la ugonjwa. Mama akisema «nina mawazo», hasemi kwamba anafikiri. Anasema kwamba hali wala halali. Kumwambia ayakague mawazo yake ni sawa na kumwambia mwenye jeraha alishike. Pengine msaada umo katika ngeli yenyewe: mawazo, kwa wingi, ni ugonjwa, wazo, moja, kama vile «kosa ni langu», ni kitu kinachoweza kuwekwa mezani na kuulizwa limetoka wapi. Lakini wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kongo hawautumii umoja huo. Na aliyekulia Katanga anaweza kuwa na masikio mengine kabisa. Katika Jamaa, jumuiya iliyozaliwa Kolwezi katika miaka ya 1950 kwa mafundisho ya Placide Tempels, na ambayo Johannes Fabian aliiandikia kitabu mwaka 1971, mawazo lilikuwa mojawapo ya maneno makuu ya mafundisho: halikuwa mzigo wa mtu mmoja usiku, bali kitu ambacho watu hupeana. Msaidizi akitoka Bukavu na orodha yake ya maneno, akashuka Kolwezi kumtibu mama mzee wa Jamaa, itambidi aulize kwanza ni mawazo yapi.